Habari za Frederick Selous, Mwindaji wa Ndovu

Katika mji wa London, siku ya mwisho ya mwaka wa 1851, alizaliwa mtoto mwanamume, akaitwa Frederick Courteney Selous. Baba yake alikuwa mtu mwenye cheo katika soko la hisa la mji ule, na nyumba yao ilikuwa karibu na Regent's Park, bustani kubwa yenye ziwa. Wazazi walitumaini kwamba mwana wao atakuwa tabibu. Lakini tangu utoto moyo wa Frederick haukukaa London, ulikuwa Afrika.

Vitabu ndivyo vilivyomvuta. Siku zile habari za bara la Afrika zilikuwa jambo jipya kwa watu wa Ulaya. Mwaka wa 1857 Dr. Livingstone, mmisionari na msafiri mkuu, alitoa kitabu cha safari zake, na wawindaji nao walichapisha habari zao. Mmoja wao aliitwa Baldwin, na kitabu chake kilitoka mwaka wa 1863. Frederick alivisoma vitabu hivyo kwa uchu, akavirudia. Basi katika kurasa za kitabu bunduki haina uzito, jua halichomi, wala hapana kiu. Mwindaji huinua silaha yake, moshi hutoka, na ndovu huanguka. Hivyo ndivyo mtoto yule alivyoyaona mambo katika fikira zake, mchana darasani na usiku kitandani.

Wala mara nyingine hakuwamo kitandani. Alipokuwa katika shule ya bweni, mwalimu mkuu alipita usiku kuwaangalia watoto, akamkuta Frederick amelala sakafuni juu ya mbao tupu, amevaa nguo yake ya kulalia tu, na kitanda chake hakina mtu. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba siku moja atakuwa mwindaji Afrika, basi anajizoeza kulala chini.

Tarehe 15 Januari mwaka wa 1867, alipokuwa na umri wa miaka 15, alipata hatari yake kubwa ya kwanza. Katika baridi ya Ulaya maji ya ziwa huganda yakawa magumu kama jiwe, na watu huteleza juu yake kwa mchezo. Siku ile watu wengi walikuwa wakicheza juu ya ziwa la Regent's Park, ghafula barafu ikapasuka vipande vipande, wengi wakatumbukia, na watu 40 wakafa. Frederick hakupiga kelele wala hakukimbia. Alijilaza kifudifudi, akatambaa polepole kutoka kipande hata kipande, mpaka akafika ukingoni. Huenda ndipo alipojifunza kutopoteza akili mbele ya hatari, na jambo hilo lilimwokoa baadaye mara nyingi kuliko bunduki yo yote.

Alisoma katika shule mashuhuri ya Rugby. Huko alijulikana zaidi kwa kuogelea katika maji ya baridi kali na kupanda miti mirefu akitafuta mayai ya korongo, kuliko kwa masomo yake. Alipomaliza, wazazi wakampeleka Uswisi na Ujerumani ajifunze lugha. Huko Ujerumani alipanda mti kutwaa mayai ya ndege, mlinzi wa msitu akamkamata, wakapigana, mlinzi akaangushwa. Ikampasa kijana kuihama nchi ile upesi na kwenda Austria. Ni dhahiri kwamba hakuwa na tabia ya kukaa katika chumba cha tabibu.

Mwishowe baba yake akakubali. Tarehe 4 Septemba mwaka wa 1871 Frederick akashuka katika pwani ya Algoa Bay, Afrika ya Kusini, hajatimiza miaka 20. Alikuwa na pauni 400, na katika mizigo yake bunduki nzuri ya mitutu miwili, kazi ya fundi Reilly. Ilikuwa silaha ya namna ile aliyoiwaza tangu utoto. Akafuatana na gari la ng'ombe kwa muda wa karibu miezi miwili mpaka mashimo ya almasi, mahali palipo sasa mji wa Kimberley. Alipofika tu, wezi wakaiiba bunduki ile. Hakupata kumpigia ndovu hata mmoja.

Mwaka uliofuata alishika njia ya kaskazini pamoja na vijana wenzake. Njiani baruti ikashika moto karibu nao, Selous na mwenzake mmoja wakaungua nyuso. Dawa waliyopata ilikuwa mafuta na chumvi, wakasuguliwa juu ya nyama iliyobabuka ngozi. Dawa ya namna hiyo haikuwamo katika ndoto za Rugby.

Haukupita muda akaonja jambo baya zaidi. Katika nchi ya Wabamangwato waliona kundi la twiga, wakawafuata kwa farasi. Selous akakaza mbio, akawa mbali na wenzake, na alipotazama nyuma hakuwaona. Pori lote lilikuwa sawasawa, miiba na mchanga, wala hapana kilima cha kumwonyesha njia. Usiku ukaingia na baridi kali. Akajaribu kuwasha moto kwa baruti ya risasi zake chache na kipande cha nguo, moto ukakataa, na risasi zikaisha. Kulipopambazuka farasi wake alikuwa amekwenda zake. Akatembea kwa miguu, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila chakula na bila maji, na bunduki iliyokuwa begani ikawa mzigo wa chuma tu. Alipokuwa hana nguvu tena akawaona wenyeji wa nchi, akawapa kisu chake, nao wakampa maziwa ya mbuzi katika kibuyu. Inafaa kukumbuka kwamba mtu wa kwanza kuokoa maisha ya mwindaji huyu mkubwa alikuwa mchunga mbuzi, wala hakuwa na bunduki.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 1872 akafika Bulawayo, mji wa Lobengula, mfalme wa Wandebele, ambao wageni siku zile waliwaita Wamatabele. Lobengula alikuwa ametawala tangu mwaka wa 1870, na hapana mgeni aliyeweza kuwinda katika nchi yake bila ruhusa yake. Selous akaenda mbele yake kuomba ndovu. Mfalme akamtazama, akaona kijana asiye na ndevu nyingi, akamwuliza kama hakuja kuwinda swala wale wadogo. Selous akasisitiza kwamba ni ndovu anaotaka. Mfalme akacheka sana, na watu wake wakacheka pamoja naye. Baadaye akampa ruhusa aende po pote apendapo, kwa kuwa yu mtoto tu, na ndovu wenyewe watamfukuza upesi.

Kicheko kile kilimwuma Selous, lakini mfalme hakukosa. Kijana hakuwa hata na silaha ya kufaa. Kwa kuwa bunduki yake njema ilikuwa imeibwa, alikuwa amenunua magobori mawili ya bei nafuu, pauni 6 kila moja. Yalitengenezwa Birmingham na fundi Hollis, kwa ajili ya kupigia mabata majini. Gobori hushindiliwa kwa mdomo: kwanza baruti, kisha risasi, na kila mara likishalia kazi huanza upya. Kila moja lilikuwa na uzito wa ratili 12 na nusu, na risasi yake, donge la mviringo, ilikuwa na uzito wa wakia 4. Wakati wa kumfukuzia ndovu hapakuwa na nafasi ya kupima, hivyo Selous alichukua baruti katika mfuko wa ngozi ubavuni, akachota konzi nzima na kuimimina. Magobori hayo yalipolia, aliyeumia hakuwa ndovu peke yake.

Tena, nchi ya ndovu ilikuwa nchi ya mbung'o. Farasi akiumwa na mbung'o hufa, basi mwindaji hana budi kuwaacha farasi na magari nje na kuingia kwa miguu. Hapo ndipo Selous alipopata mwalimu. Alikuwa Mkhoikhoi mmoja, mwindaji hodari, jina lake Cigar. Wakaingia porini pamoja, na Selous akawa mwanafunzi wake. Mavazi yake yalikuwa shati, kofia na viatu vya ngozi, miguu mitupu katika miiba; usiku blanketi moja; chakula, nafaka kidogo na nyama ikipatikana.

Kitabu hakiwezi kumfundisha mtu kufuata nyayo. Mtu hana budi kuinama alfajiri na kutazama kama ukingo wa alama ya mguu ungali mkali au umekwisha bomoka, kama majani yaliyokanyagwa yamenyauka, kama mavi yana joto. Hana budi kuchota vumbi na kuliachia lianguke, apate kujua upepo unakwenda wapi, maana ndovu haoni vema, lakini harufu ya mtu huipata kutoka mbali. Kisha huenda saa baada ya saa katika jua, na mara nyingi mwisho wa njia ile huwa ni kelele ya matawi yaliyovunjika, na ndovu wamekimbia. Cigar aliyajua hayo yote, wala hakumwonea wivu mgeni. Alimpeleka kijana karibu na ndovu kwa hatua chache tu, maana magobori yale hayakuwa na faida kwa mbali; na mtu aliyepiga akakosa, asingeweza kushindilia tena kabla mnyama hajamfikia.

Siku moja gobori la Selous lilikataa kulia, na mchukuzi wake, bila kujua, akalishindilia mara ya pili juu ya ile baruti na risasi ya kwanza. Selous akamlenga ndovu, akapiga. Alirushwa juu, akageuka hewani, akaanguka uso mchangani. Gobori likamruka begani, kitako chake kikavunjika. Damu ilimtoka usoni, na mkono wake wa kulia haukuweza kuinuka. Aliponea chupuchupu. Lakini hata siku za kawaida pigo la magobori yale begani lilikuwa kubwa kupita kiasi, na baada ya miaka mingi alikiri kwamba yaliharibu utulivu wa mishipa yake na shabaha yake, akajuta kwamba aliyashika hata mara moja. Mtoto aliyeziwaza bunduki kubwa kuliko zote akazipata, nazo zikamwachia mkono wenye kutetemeka. Alipokuwa bingwa alipendelea bunduki nyepesi zenye tundu dogo.

Hata hivyo hakurudi nyuma. Mwisho wa majira yale ya kwanza alikuwa amepata ratili 450 za pembe kwa bunduki yake mwenyewe, na nyingine kwa biashara. Aliporudi Bulawayo, Lobengula alistaajabu. Akakiri kwamba mtoto amekuwa mtu mzima, akamwuliza ataoa lini. Katika miaka mitatu, 1872 hata 1874, Selous aliua ndovu 78 kwa magobori yale.

Mwaka wa 1875 alikwenda kuwaona wazazi wake, akarudi Afrika mwaka uliofuata. Sasa alijua kazi yake, lakini mwindaji hafikii siku ya kuwa salama. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1878 alikuwa akiwinda juu ya farasi, na farasi amechoka sana. Akampiga ndovu jike, naye akamgeukia. Farasi hakuweza kukimbia. Selous akasikia mlio juu ya kichwa chake, na mara yeye na farasi wakatupwa chini. Alipopata fahamu, jambo la kwanza alilolitambua ni harufu kali ya ndovu. Alikuwa chini ya kifua chake, naye amepiga magoti akitaka kumponda. Akajivuta kwa nguvu zote, akatoka upande wa nyuma, kati ya miguu yake. Jicho moja limejaa mchanga, ngozi ya kifua imechubuka, na bunduki haipo mkononi. Rafiki yake French, aliyekuwamo katika safari ile, hakuwa na bahati kama hiyo: mwaka wa 1879 alipotea porini akafa kwa kiu, kifo kile kile kilichokuwa karibu kumpata Selous katika siku zake za kwanza.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo ndoto ya utoto haikuonyesha. Ndovu walikuwa wakiisha. Kila mwaka wawindaji, Wazungu na Waafrika, waliingia na bunduki nyingi zaidi, na mafungu ya pembe yakapungua. Nchi ambayo Cigar alimwonyesha makundi makubwa sasa ilikuwa na nyayo za zamani tu. Selous mwenyewe aliona kwamba hawezi kupata riziki tena kwa pembe. Wala hakuwa mgeni katika sababu yake, kwa kuwa yeye naye ni mmoja wa walioimaliza mali ile. Akaanza kukusanya wanyama, ndege na vipepeo kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Jumba la makumbusho ya viumbe la London lilipata kwake wanyama zaidi ya 500. Mwaka wa 1881 akatoa kitabu cha safari zake, na vijana wengine wa Uingereza wakakisoma kama yeye alivyomsoma Baldwin.

Mwaka wa 1888 aliingia nchi ya Waila. Usiku kambi yake ikashambuliwa, watu wake 12 wakauawa, naye akatoroka peke yake gizani akiwa na bunduki na risasi nne. Baadaye hata bunduki ile ikaibwa alipokuwa amelala, na safari iliyobaki akaimaliza mikono mitupu, akiwaomba watu chakula na njia.

Sehemu inayofuata ya maisha yake ni nzito zaidi. Mwaka wa 1890 kampuni ya Cecil Rhodes ilitaka kuishika nchi ya Washona, na mtu aliyeijua njia kuliko wote alikuwa Selous. Akawaongoza wale Waingereza na kuwakatia barabara, wakaifikia nchi ile mwezi wa Septemba bila vita. Vita vilikuja mwaka wa 1893, naye alikuwamo upande wa kampuni, akajeruhiwa. Lobengula aliukimbia mji wake, akafa mwaka wa 1894. Mfalme aliyemcheka kijana asiye na silaha, kisha akamfungulia nchi yake yote, alipoteza ufalme kwa njia ambayo kijana yule aliijifunza akifuata ndovu. Waliomjua Selous walimsifu kuwa mtu mkweli, mpole, asiyejisifu, mpenda chai kuliko kileo. Sifa hizo ni za kweli, na jambo hili nalo ni la kweli.

Mwaka wa 1894 alioa, akajenga nyumba huko Worplesdon, Uingereza, na kando yake jumba la wanyama aliowakusanya. Alizaliwa wana wawili. Lakini miguu haikutulia. Alifika Afrika ya Mashariki, na mwaka wa 1909 alipanda meli moja na Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, mpaka Mombasa. Ndiye aliyekuwa amemsaidia kuitengeneza safari ile kubwa ya kuwinda.

Vita vya mwaka wa 1914 vilipoanza alikuwa na miaka 62. Akaomba kuwa askari, akakataliwa kwa uzee, akazidi kuomba. Mwaka wa 1915 akakubaliwa, akashuka tena Mombasa, na mwezi wa Juni akapigana Bukoba. Vijana wengi wa kikosi kile walishindwa na homa na njaa, lakini mzee yule aliendelea kutembea.

Tarehe 4 Januari mwaka wa 1917, siku nne baada ya kutimiza miaka 65, Kapteni Selous alikuwa mbele na watu wake mahali paitwapo Beho Beho, karibu na mto Rufiji, wakipambana na askari wa Wajerumani. Aliinua kichwa kutazama kwa darubini mahali adui alipojificha. Risasi ikampiga, akafa pale pale. Mwanawe mkubwa, Freddie, aliyekuwa rubani, aliuawa Ulaya tarehe 4 Januari mwaka wa 1918, mwaka mmoja kamili baadaye.

Mwaka wa 1922 pori kubwa la wanyama katika nchi ile lilipewa jina la Selous. Mwaka wa 1976 ndovu waliohesabiwa huko walipita 100,000. Mwaka wa 2013, baada ya miaka ya majangili wenye bunduki nyepesi za upesi ambazo Selous hakuzijua, hawakufika 15,000. Mwaka wa 2019 serikali ya Tanzania iliikata sehemu kubwa ya pori lile, ikaifanya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kaburi la Selous limo huko Beho Beho, chini ya mti, na juu yake kibao chenye jina lake na tarehe ya kufa kwake, na ndovu wa Rufiji waliosalia wangali wakipita katika pori lile.